Somo: Kutoa RNA kwa punje za sumaku, hata umeme ukikatika

Umeme ukikatika katikati ya kazi ya kutoa RNA (molekuli inayobeba maelezo ya kinasaba ya virusi), sentrifuji, mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, inasimama na sampuli zinakwama. Sumaku haihitaji umeme. PCR, kipimo kinachonakili vinasaba ili virusi vionekane, itausubiri umeme, sawa, lakini RNA iliyokwisha safishwa inaweza kukaa kwenye barafu. Ndiyo maana natamani kila fundi wa maabara hapa Uganda aijue njia hii kwa mikono yake.

Ndani ya punje mna oksidi ya chuma, vipande vya nanomita 10 hivi. Kwa udogo huo, ukiondoa sumaku vinapoteza usumaku na punje zinatawanyika tena majini. Nje zimevikwa silika, madini yanayotengeneza kioo.

1. Vunja virusi. Changanya sampuli na kimiminika chenye guanidini (chumvi kali ya kemikali), kwa vipimo vya boksi la vitendanishi. Guanidini hiyo ndiyo inayoifanya RNA ing'ang'anie silika. Nakusihi: mabaki yake yasiingie kamwe kwenye ndoo ya Jik (dawa ya klorini). Hutoa gesi za sumu.

2. Weka punje. Tikisa chupa mpaka chini kusibaki tope la kahawia, ndipo unyonye.

3. Sumaku. Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Tazama tyubu: rangi ya kahawia inafifia, doa jeusi linajikusanya ukutani upande wa sumaku. Usiguse mpaka maji yawe maangavu kabisa, kwa sababu kila punje utakayoinyonya inaondoka na RNA yake. Kisha nyonya maji uyatoe, ncha ya pipeti ielekee upande wa pili.

4. Osha mara mbili kwa etanoli ya 80%, kisha kausha. Etanoli ikibaki, PCR inagoma. Ukikausha kupita kiasi, RNA haitoki. Acha mng'ao wa maji uishe, lakini doa lisianze kupasuka kama udongo wa kiangazi.

5. Ongeza maji yasiyo na vimeng'enya vinavyokula RNA, changanya, rudisha kwenye sumaku. Safari hii RNA imo majini, kwa hiyo maji ndiyo unayochukua.

Jizoeze kwa sampuli salama. Ya mgonjwa anayeshukiwa Ebola haiguswi kwenye meza ya kawaida. Mlipuko wa Mubende mwaka 2022 ulithibitishwa UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda, Entebbe.

Maswali

*Mwalimu, sumaku ya spika ya redio inafaa? (Gulu)*
Itavuta, ila polepole, na itaacha punje nyingi majini. Tafuta ya neodimiamu.

*Maji yangu ya mwisho yana rangi ya kahawia kidogo. Nimwage? (Mbale)*
Hapana, ndugu yangu. Rudisha tyubu kwenye sumaku, subiri, hamishia maji kwenye tyubu mpya. Punje zikibaki nyingi zinaweza kuzuia PCR.

*Kifaa cha kupima malaria kiitwacho Matibabu, cha Brian Gitta, kilichoshinda Tuzo ya Afrika ya Uhandisi mwaka 2018, kinatumia punje hizi? (Kampala)*
La. Kimelea cha malaria kikila himoglobini huacha fuwele za hemozoini zenye chuma, na kifaa kinazitafuta hizo kwa sumaku na mwanga, bila kutoboa kidole. Vihisio vingine ndivyo vinavyotumia punje: zinavikwa kingamwili, zinanasa protini ya ugonjwa, kisha chipu inapima usumaku wake. Damu yenyewe karibu haina usumaku, kwa hiyo hata punje chache zinaonekana.