Foklifti inanguruma lakini haitembei: anza na masikio

Nimewahi kushusha giaboksi nzima ya foklifti, siku mbili za jasho, kumbe fito ya pedali ya kushoto ilikuwa imeganda kwa kutu. Tangu hapo sishiki spana kabla sijaisikiliza injini.

Teremsha uma hadi chini, piga kabari kwenye magurudumu, na asisimame mtu mbele wala nyuma. Mashine iliyogoma huweza kuchomoka ghafla ukigusa waya mmoja tu.

Nazungumzia zile zenye torki konvata, yaani chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili, si zile za klachi ya kukanyaga. Injini ikishapata moto, kanyaga breki barabara, weka gia ya mbele. Mngurumo umeshuka kidogo? Basi nguvu inafika kwenye giaboksi. Toa kabari, achia breki, ongeza mafuta taratibu. Injini ikilemewa kama inayopanda mlima, tafuta breki: ya mkono isiyoachia, au za magurudumu zilizoshikana baada ya mashine kulala muda mrefu bila kazi. Giaboksi haina kosa.

Mngurumo usipobadilika hata chembe, klachi za ndani hazishiki. Anza na oili ya giaboksi. Kwa mashine nyingi hupimwa injini ikiwa inazunguka na gia ikiwa huru. Ukipima imezimwa utadanganyika. Inuse pia. Harufu ya kuungua ni klachi zilizoteleza, rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia. Ukisikia pampu inapiga mluzi, ama oili ni kidogo, ama chujio la kufyonzea limeziba. Na ile inayotembea asubuhi kisha ikigoma ikipata moto, mara nyingi sili zimelika: oili ikiwa nyepesi, presha inavujia humo.

Sasa ile pedali iliyoniaibisha. Kazi yake ni kumwaga presha ya klachi ili usogee polepole huku injini ikienda kasi kunyanyua mzigo. Fito au kebo yake ikikwama katikati, valvu inabaki wazi, na mashine inafanya kama vile mguu wako uko juu yake. Zima injini, ingiza mkono chini, isukume uone kama inarudi mpaka mwisho. Isafishe, ipake grisi, jaribu tena.

Kwenye umeme, tazama fyuzi, swichi ya breki ya mkono na, kama ipo, swichi ya kiti. Kisha solenoidi za mbele na nyuma, zile sumaku za umeme zinazofungua valvu za gia: mwenzako akiweka gia, injini imezimwa na swichi ya kuwashia iko oni, gusisha ncha ya bisibisi kwenye solenoidi. Ikiwa hai, utahisi sumaku ikivuta. Kama inagoma mbele tu na nyuma inakwenda, badilishana waya za solenoidi hizo mbili. Mashine ikienda mbele na sasa ikagoma nyuma, ugonjwa uko kwenye umeme. Ila kumbuka, leva ya mbele sasa itakurudisha nyuma!

Uma nao ukikataa kupanda, fuatilia pampu ya haidroliki inazungushwa na nini. Kama inapata mzunguko kupitia konvata, shuku sahani inayounganisha konvata na injini. Hupasuka, na injini ikabaki inazunguka peke yake. Kama unasikia giaboksi inazungusha lakini gurudumu limetulia, chungulia shafti za ekseli. Moja tu ikikatika, diferensha hupeleka mzunguko wote huko.

Vyote vikiwa vizima, funga geji kwenye tundu la kupimia presha na ulinganishe na kitabu cha mashine hiyo. Presha ikiwa ndogo pande zote mbili, angalia pampu ya giaboksi na valvu yake. Ikiwa ndogo upande mmoja tu, mara nyingi ni sili za klachi ya upande huo, na hapo ndipo giaboksi inashuka.