SOMO: Waya wa dishi na konekta yake

Wakuu, kila mvua za Mwanza zikianza naitwa kutazama dishi "bovu". Nikipanda kwenye bati, Mabatini au Kirumba, mara nyingi dishi ni zima. Ugonjwa uko pale waya unapoingia kwenye konekta.

1. Jua sehemu za waya. Ukate utazame kichwa chake. Katikati ni kiini, ndicho kinachobeba mawimbi. Kimezungukwa na plastiki nyeupe, kisha karatasi ya alumini na wavu wa nyuzi, yaani ngao dhidi ya mawimbi ya nje. Mwisho ganda. Waya wa runinga ni wa ohm 75. Ule wa ohm 50 ni wa redio za mawasiliano, usiuchanganye. Kiini hichohicho hupandisha umeme kwenye LNB, yaani kile kichwa cha kupokea mawimbi mbele ya dishi, volti 13 au 18, kwa hiyo chomoa king'amuzi kwanza.

2. Menya. Kisu kisikwaruze kiini. Nyuzi za wavu zirudishe nyuma juu ya ganda, zote, uzihakiki kwa tochi. Uzi mmoja mwembamba kama unywele ukigusa kiini, ni shoti. Hapa msiwe na haraka jamani.

3. Funga konekta. Ya kubana kwa koleo lake ni bora kuliko ya kuzungusha, kwani haipitishi maji kirahisi. Kiini kitokeze milimita 2 au 3 tu.

4. Acha waya uning'inie kidogo chini ya tundu la ukutani, maji yadondoke hapo yasiingie ndani.

MASWALI

*Wa Igoma:* Mkuu, naweza kuunga kwa kusokota na kuzungushia tepu?
— Hapana kaka. Hiyo ni ya waya wa taa. Hapa sehemu ya mawimbi itagonga kiungo na kurudi ilikotoka. Tumia konekta mbili na kiungo cha katikati.

*Wa Nansio:* Chaneli nusu zipo, nusu hazipo kabisa.
— Dada, huenda volti 18, inayoleta nusu hiyo ya chaneli, haifiki juu. Weka chaneli isiyoonekana, pima kwa mita upande wa LNB. Ukiona kutu ya kijani kwenye konekta, kata sehemu hiyo ufunge mpya.

*Wa Igoma:* Na picha kuganda wakati wa mvua?
— Mvua kubwa hunyonya mawimbi, subiri ipite. Jua likiwaka na bado inaganda, huenda maji yameingia ndani ya waya.