Kabla hujachokoza mada ya uliberali Arusha

Ukiombwa kuchokoza mada ya uliberali na itikadi zilizoupinga, anza na neno lenyewe. Niliwahi kuongoza mdahalo huo kwa vijana wa kidato cha sita hapa mjini bila kulifafanua. Haikuchukua muda, upande mmoja wa ukumbi ukawa unasema "uliberali" ukimaanisha kuuza mashirika ya umma, upande wa pili ukimaanisha mavazi na tabia za kisasa. Hakuna aliyekuwa anamjibu mwenzake. Bado inaniuma, maana watoto wale walikuja na madaftari wakitaka kujifunza.

Kwa hiyo andika maana ubaoni kabla hawajaketi: kila mtu ana haki ambazo mtawala hakumpa wala hawezi kumnyang'anya apendavyo, na serikali hupata uhalali kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. John Locke aliitetea hoja hiyo Uingereza mwaka 1689, Wafaransa wakaiweka katika tamko lao la haki mwaka 1789. Adam Smith, mwaka 1776, alieleza kwa nini biashara isibanwe na amri za watawala. Hapo pita haraka, kwenye vitabu vya shule yamo.

Pa kukaa ni kwenye swali la nani alihesabiwa kuwa mtu. Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa katika Karibi, waliasi mwaka 1791 dhidi ya Wafaransa walewale wa tamko, hadi Haiti ikawa huru mwaka 1804. John Stuart Mill, aliyetoa kitabu mashuhuri juu ya uhuru mwaka 1859, alikuwa ametumikia kwa zaidi ya miaka 30 kampuni ya Kiingereza iliyotawala India, na humo kitabuni akawatoa kwenye kanuni yake ya uhuru watu aliowaona hawajastaarabika.

Kisha walete nyumbani. Locke alifundisha kwamba ardhi huwa yako kwa jasho unalolimwaga juu yake. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, ili kuwapa walowezi nafasi ya kufuga. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, Mmeru mwenzao, alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, kuwashitaki Waingereza. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini lugha ya haki ilikuwa imegeuzwa kuwaelekea waliozoea kuihubiri. Kisa hiki kipe muda wa kutosha. Huenda ukumbini yumo mjukuu wa waliohamishwa, naye apewe nafasi kabla yako.

Kwa wapinzani, jihadhari na kuwatia wote kapu moja. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza aliyeyapinga Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1790 aliogopa kwamba kung'oa mila zote kwa mkupuo kungezaa vurugu. Karl Marx na Friedrich Engels, mwaka 1848, walikuwa na hoja nyingine kabisa: mfanyakazi asiye na chochote ila nguvu zake za kuuza, uhuru wake ni wa namna gani? Ufashisti, ulioshika dola Italia mwaka 1922 chini ya Mussolini, ulikana kwamba mtu ana thamani yake mwenyewe nje ya taifa. Vijana wakitoka hawajui tofauti ya madai ya Marx na ya Mussolini, kazi yako bado. Wajue pia kwamba waliberali wenyewe walibadilika. Mwaka 1911 serikali ya chama cha Liberal Uingereza ilipitisha bima kwa wafanyakazi wanaougua, na kwa baadhi yao wanapokosa kazi.

Siku moja kabla, wapeleke vijana Makumbusho ya Azimio, Kaloleni. Toa kopi za sehemu ya kwanza ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na uwape kalamu za rangi mbili: bluu kwa kilicho cha kiliberali, nyekundu kwa cha kijamaa. Nilipojaribu hivyo, binti mmoja alijaza bluu mistari ya mwanzo: usawa wa binadamu, heshima ya kila mtu, uhuru wa kutoa mawazo na wa kuabudu. Nyekundu ilianza alipofika kwenye njia kuu za uchumi. Akauliza kama amekosea. Hakukosea, watu waliokuwa wanaupinga ubepari hawakutaka kuziachia haki zile.

Swali lake litazaa lingine, kama haki zile ziliheshimiwa kweli, nawe uwe na jibu la kweli. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi ilikuwepo tangu mwaka 1962, na haki za msingi ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984. Wakitoka wengine Moshi watakuuliza habari za KNCU, chama cha wakulima wa kahawa kilichoanza mwaka 1933. Mwaka 1976 serikali iliyohubiri ujamaa ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Usiruke hilo. Vilevile usiruke mwaka 1986, tulipokubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa: huo ndio uliberali mamboleo, ule wa kuuza mashirika ya umma, ambao wazazi wao wanauzungumzia.

Kopi zitoe mapema, uzikague moja moja. Wino ukififia, waliokaa nyuma watasikiliza tu wenzao wakisoma.