Umepima malaria na typhoid huna kitu? Ukirudi kwa daktari sema hivi

Sonona (depression, ule ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu usioisha) wengi inatuingilia mwilini kwanza, kichwa kinagonga, tumbo, mgongo, mwili hauna nguvu, unapima malaria hamna, typhoid hamna, unapewa panadol, mwezi ujao upo tena kwenye foleni ile ile. Umemwambia kichwa, naye akatibu kichwa. Safari hii mwambie na yale mengine.

Kabla hujaenda andika kwenye simu, maana ukishaingia chumbani unasahau yote. Usingizi (unashtuka saa tisa usiku na ndo basi mpaka asubuhi, au unalala mchana kutwa?), kula, kuwafokea watoto bila sababu, kujiona mzigo, vitu ulivyokuwa unavipenda, yani ulikuwa hukosi mechi ya Simba na Yanga leo hata matokeo huulizi. Na imeanza lini. Ikiwa ni karibu kila siku na wiki 2 zimepita usisubiri tena.

Ukikaa tu kwenye kiti anza hivi: "dokta nahisi nina sonona, silali, sina hamu ya kitu chochote". Kichwa kitafuata baadaye. Akiuliza pombe sema ukweli. Na kama kuna kipindi ulikuwa na nguvu za ajabu, hulali wala huchoki, hela unamwaga tu, mwambie hata asipouliza, maana hapo dawa zinabadilika. Anaweza akakupima damu pia, upungufu wa damu na shida ya thairoidi (tezi ya shingoni) vinachosha vivyo hivyo.

Hospitali ya wilaya inatosha kuanzia, ikibidi watakupa rufaa. Najua watu wanaogopa kusikia Mirembe (hospitali ya afya ya akili Dodoma) au Muhimbili wakidhani ndo kufungiwa wodini, jamani wagonjwa wengi wa sonona wanatibiwa huku wanalala kwao.

Ukipewa dawa kama fluoxetine, wiki za mwanzo unaweza kuona kichefuchefu tu na nafuu huioni, inachukua wiki 2 mpaka 6 hivi, kwa hiyo usiitupe siku ya tano ukasema haifanyi kazi. Ukipona pia usikate ghafla, kwa kawaida unaendelea miezi 6 au zaidi na daktari ndo anapunguza dozi. Ushauri nasaha nao ni tiba kamili, uliza kama upo hapo. Dua na maombi endelea navyo, ila dozi usiache, tafadhali.

Kama mawazo ya kujiua yamekuja usingoje kliniki ya Jumatatu, nenda dharura sasa hivi na mtu wako. Na wewe unayemuona ndugu yako hivyo muulize wazi, "unafikiria kujiua?", kumuuliza hakumpandikizii wazo, wengi wanapumua. Ondoa dawa na sumu za shambani ndani, kaa naye, mpeleke. Walioko Kenya kuna 1199 ya Msalaba Mwekundu, kupiga ni bure.