Somo: Dizeli ya zamani inachemsha ukitumia mafuta ya mimea? Usianze kwa kulaumu mafuta

Mtu akishafunga mfumo wa kuendesha gari kwa mafuta ya mimea, kila ubovu unaokuja baadaye husingiziwa mafuta. Gari likigoma kuwaka asubuhi ni mafuta, likichemsha ni mafuta, na nina hakika hata wiper zikikwama kuna atakayesema ni mafuta.

Tuanzie hapo. Kilo moja ya mafuta ya mimea ina nishati kama megajuli 37, dizeli ina kama 43. Moto wake si mkali kuliko wa dizeli. Na si jambo geni: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Tatizo la mafuta haya ni uzito, si wa kilo bali wa kutiririka. Yakiwa baridi ni mazito kama mara kumi kuliko dizeli, ndiyo maana tunayapasha kwa maji ya injini mpaka nyuzi 70 au 80. Sasa ukishakata mipira ya maji ili kupasha mafuta, umeingiza mkono kwenye mfumo wa kupoza. Hapo ndipo mambo mengi huharibika.

Somo hili ni la injini za zamani zenye pampu ya dizeli ya kimekanika, na mfumo wa matangi mawili: unawasha kwa dizeli, unahamia mafuta ya mimea injini ikishapata moto.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli inachemsha

Geji za magari ya zamani ni waongo. Chukua kipimajoto cha kumulika, pima pale inapokaa themostati (vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto). Kati ya 80 na 95 injini yako ni nzima, tafuta sensa au waya. Ikipita 100 na kuendelea kupanda, endelea kusoma. Maji yaangalie asubuhi injini ikiwa baridi. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata kwa tambara, hata kama una haraka.

Hatua ya 2: Tembea siku nzima kwa dizeli tupu

Njia ileile, mzigo uleule. Ikiacha kuchemsha, ruka hadi hatua ya 5. Ikiendelea, ubovu huenda uko kwenye maji. Ila msidanganyike hapa, wengi huteleza: ukihamia dizeli, maji moto bado yanazunguka kwenye kipashio cha mafuta. Kwa hiyo kuchemsha kwenye dizeli hakuuondolei lawama mfumo wa kupasha ulioufunga. Kunayaondolea lawama mafuta yenyewe tu.

Hatua ya 3: Kipashio na mipira yake

Hapa nitakaa kidogo, maana pameniumiza. Gari langu lilikuwa linapanda joto ghafla, linashuka lenyewe, linapanda tena. Nikabadili themostati. Nikabadili pampu ya maji. Hali ileile. Siku moja, injini ikinguruma taratibu, nikashika mipira miwili ya kipashio, mmoja kila mkono. Wa kuingia ulikuwa wa moto kiasi cha kuniachisha. Wa kutoka ulikuwa baridi kama haujawahi kupitiwa na maji. Hewa ilikuwa imekaa juu, kwa sababu nilikifunga kipashio juu kuliko mdomo wa rejeta. Kila hewa hiyo ilipojisogeza hadi kwenye themostati, geji iliruka.

Kwa hiyo shika mipira yote miwili. Kama mmoja ni baridi, toa hewa hivi: injini ikiwa baridi, egesha gari pua ikitazama mlimani, fungua mfuniko wa rejeta, fungua hita ya ndani mpaka mwisho, kisha legeza mpira wa juu wa kipashio huku ukijaza maji polepole mpaka yatoke mfululizo bila mapovu. Kaza klampu, washa, ongeza maji kadiri yanavyoshuka. Dawa ya kudumu ni kukishusha kipashio chini ya usawa wa mdomo wa rejeta.

Angalia pia kama kuna utando wa mafuta juu ya maji. Ukiuona, kipashio kimetoboka ndani. Usichelewe, kwani mafuta huvimbisha na kulainisha mipira ya maji mpaka ipasuke. Badili kipashio, osha mfumo kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni isiyo na povu jingi, rudia mpaka maji yatoke safi.

Hatua ya 4: Vitu vya kawaida

Mkanda uliolegea, feni isiyoshika injini ikipata moto, mfuniko wa rejeta uliochoka (usiposhika presha maji huchemka mapema), vumbi kwenye mapezi ya rejeta. Themostati itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto: nyingi huanza kufunguka kati ya 80 na 88. Isipofunguka, tupa.

Hatua ya 5: Nozeli na taimingi

Hapa ndipo mafuta yana kesi ya kujibu. Yakifika kwenye nozeli (ncha zinazopuliza mafuta ndani ya silinda) yakiwa bado mazito, hayatoki kama ukungu, yanatoka kama mkojo. Yanaungua kwa kuchelewa, yanaacha masizi yaliyoganda kwenye ncha ya nozeli, na joto ambalo lingesukuma pistoni linaishia kwenye hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na bomba la moshi. Dalili zake ni moshi mwingi asubuhi, mtikisiko, mlio wa kugonga na nguvu kupungua. Peleka nozeli zipimwe kwenye mashine ya presha, na taimingi ya pampu, yaani wakati inapopuliza mafuta, ihakikiwe. Taimingi iliyochelewa hata peke yake inatosha kuchemsha injini.

Hatua ya 6: Gasketi ya hedi

Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu dakika mbili tu baada ya kuwasha injini baridi, au mapovu yasiyokoma kwenye maji hata baada ya kutoa hewa, gasketi (bamba linaloziba kati ya hedi na injini) imekufa na moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Fundi mwenye dawa ya kupimia atakuonyesha: ikikutana na moshi huo hubadilika rangi. Hapo hakuna njia ya mkato.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, langu linachemsha likipanda mlima na mzigo tu. Tambarare halina shida.

Jibu: Huenda rejeta imeziba ndani. Mulika kipimajoto sehemu mbalimbali za uso wake injini ikiwa ya moto. Ukikuta kipande cha katikati ni baridi kuliko jirani zake, mirija hiyo haipitishi maji. Kama joto linashuka taratibu kutoka upande mmoja wa rejeta hadi mwingine bila mabaka, geukia feni.

Swali: Fundi wangu ameshauri nitoe themostati kabisa. Ni sawa?

Jibu: Hapana, na kwa anayetumia mafuta ya mimea ni hapana mara mbili. Injini isiyofika joto lake haipashi mafuta vizuri, nozeli zinaganda masizi. Pia kwenye injini nyingi themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kupita rejeta, na unaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo.

Swali: Maji hayapungui, lakini oili inapanda kwenye kipimo. Nilidhani ni baraka.

Jibu: Mkuu, zima gari. Kwa kawaida hayo ni mafuta ya mimea yanayopita kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Tofauti na dizeli, hayatoki kwa mvuke. Yanakaa humo na kuganda kama uji mzito mpaka oili ishindwe kupita. Mwaga oili leo pamoja na filta, kisha pima nozeli na kompresheni (mgandamizo wa silinda) kabla ya kurudi kwenye mafuta ya mimea. Hata ikishapona, badili oili kwa nusu ya kilomita ulizozoea.

Swali: Likichemka barabarani nifanye nini hapohapo?

Jibu: Egesha, fungua hita ya ndani mpaka mwisho na feni yake, hata kama utaloa jasho. Kama maji bado yamo, acha injini ingurume taratibu dakika chache uone kama geji inashuka. Kama yamemwagika au geji haishuki, zima, subiri ipoe yenyewe. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hedi inaweza kupasuka. Na ukiondoka hapo, ondoka kwa tangi la dizeli.