Viungo vya Kulowekea Kitoweo na Sosi za Ukwaju na Nazi kwa Mlo wa Jioni

Mtu anayerudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, akakuta watoto wanauliza chakula kitaiva saa ngapi, hahitaji viungo vingi kuliko alivyo navyo jikoni. Anachohitaji ni kujua kila kiungo kinafanya kazi kwa kasi gani, ili vile vya polepole vianze kazi asubuhi na vile vya haraka vimngoje arudi. Yapo mapishi mengi yanayoagiza ndimu, papai bichi, chumvi, tangawizi na bizari vichanganywe kwa pamoja na nyama ilale humo usiku kucha, na matokeo yake ni mishkaki inayomeguka kwenye kijiti kabla haijafika kwenye mkaa.

Chumvi ndiyo inayopenya hadi ndani ya nyama, nayo huchukua saa kadhaa, ilhali ladha ya bizari na pilipili manga hubaki zaidi juu juu hata nyama ikikaa siku nzima. Ndimu na siki huanza kuigeuza nyama mara moja, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuona mnofu wa samaki ukigeuka mweupe ndani ya maji ya ndimu kabla ya kuguswa na moto. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho huvunjavunja protini za nyama na kuilainisha, na kwa kuwa kimeng'enya hicho kimejaa zaidi kwenye utomvu mweupe unaotoka gandani, wachomaji wa mishkaki hulikuna papai pamoja na ganda lake. Papai likiiva nguvu hiyo hupungua sana. Ule unga wa kulainishia nyama unaouzwa dukani mara nyingi ni papaini hiyo hiyo iliyochanganywa na chumvi, kwa hiyo anayeutumia apunguze chumvi yake.

Kwa mishkaki, basi, kazi igawanywe mara mbili. Asubuhi kata kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa katika vipande vya sentimita 2 hadi 3. Twanga punje 6 za kitunguu saumu pamoja na kipande cha tangawizi kinacholingana na kidole gumba, kisha uchanganye na nyama, ukitia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, na vijiko viwili vya chakula vya mafuta. Funika na uweke kwenye jokofu. Ukirudi jioni, ongeza vijiko viwili vya chakula vya papai bichi lililokunwa na maji ya ndimu moja, changanya kwa mkono mpaka kila kipande kipate sehemu yake, kisha uache kwa dakika 30 hadi 45, muda unaotosha kuwasha mkaa na kuinjika wali. Asiye na jokofu afanye yote jioni, kwa sababu nyama mbichi haifai kushinda nje, hasa katika joto la pwani. Kwake yeye dakika 45 za papai zitatosha kuilainisha nyama, ijapokuwa chumvi haitakuwa imeingia sana.

Chombo cha kulowekea kiwe cha udongo, kioo, plastiki au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini ifaayo kwa wali haifai hapa, kwa kuwa ndimu, siki na ukwaju huila taratibu na kukiachia chakula ladha ya bati.

Kuku wa kisasa ni mwepesi kuliko wote, kwani hahitaji kulainishwa, anahitaji ladha tu. Mchanje mapajani na kifuani, umpake kikombe kimoja cha mtindi mzito uliochanganywa na kitunguu saumu, tangawizi, manjano kidogo, pilipili ya unga na chumvi, na hata akilala humo hadi kesho yake hataharibika, maana uchachu wa mtindi ni wa upole. Kuku wa kienyeji ni habari nyingine: huyo achemshwe kwanza mpaka alainike, ndipo apakwe viungo na kuchomwa, na supu yake isimwagwe. Samaki naye hataki muda. Changu au tasi aliyechanjwa atoshelezwe na ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili mbichi kwa dakika 15 hadi 20, kwani akizidisha nusu saa kwenye ndimu mnofu wake huanza kukauka na kuvunjika.

Katika sosi, ninayoipa nafasi ya kwanza ni ya ukwaju, kwa kuwa hupikwa siku moja na kutumika jioni nyingi. Loweka gramu 100 za ukwaju katika kikombe kimoja na nusu cha maji ya moto kwa dakika 20, ufikiche kwa vidole mpaka kokwa ziachane na nyama yake, kisha uchuje. Injika maji hayo mazito kwenye moto mdogo pamoja na vijiko vitatu vya chakula vya sukari guru, nusu kijiko cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha bizari nyembamba iliyosagwa na pilipili kwa kadiri ya uvumilivu wa walaji. Koroga kwa dakika 10 hivi, mpaka sosi ishike mgongo wa kijiko na ukipitisha kidole alama yake isijifunge. Onja kabla ya kuipua, kwani ukwaju hutofautiana kwa ukali na hakuna kipimo cha sukari kinachofaa kila mfuko. Kwenye chupa safi ndani ya jokofu sosi hii hudumu wiki mbili, ikafaa kwa mishkaki, bajia, viazi na hata wali mweupe.

Vijiko viwili vya sosi hiyo ndivyo vinavyokamilisha sosi ya kupaka. Chukua kikombe kimoja na nusu cha tui zito, la nazi moja kubwa au la kopo, ulitie kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, robo kijiko cha chai cha manjano, pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa na chumvi. Pika kwa moto mdogo ukikoroga bila kuondoka, kwa sababu tui likiachwa lichemke kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Likianza kuwa zito, baada ya dakika 10 au 12, tia sosi hiyo ya ukwaju mwishoni kabisa. Mpake samaki au kuku ambaye amekwisha kuchomwa, umrudishe motoni kidogo ili sosi imshike, kisha umimine iliyobaki juu yake kwenye sahani.

Chatne ya nazi haipikwi: nazi iliyokunwa, pilipili mbichi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu husagwa pamoja na maji kidogo, ikaliwa siku hiyo hiyo, kwani nazi mbichi huchacha upesi.

Yako mambo mawili yasiyofaa kuchukuliwa kwa wepesi. Maji yaliyolowekea nyama mbichi, kuku au samaki yasigeuzwe sosi ya mezani wala kupakwa kwenye chakula kilichoiva mpaka yachemke vizuri, na ni salama zaidi kutenga sehemu ya viungo kabla nyama haijaingia. Pia kitunguu saumu kibichi kilichotwangwa na kuwekwa kwenye mafuta kisiachwe nje ya jokofu, kwa kuwa ndani ya mafuta hakuna hewa na bakteria wa sumu ya botulini hupata mahali pa kuzaliana bila harufu wala rangi ya kuonya. Tengeneza kidogo, na kitumike ndani ya siku nne. Kwa anayetaka akiba ndefu kuliko hiyo, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa hugandishwa kwenye vibweta vya barafu, na kila jioni hutolewa kimoja au viwili, vikatiwa kwenye nyama vikiwa bado vimeganda.