Una vepu? Soma hiyo chupa kabla hujajaza tena

Wanangu wa UDOM, chuo kikuu chetu cha hapa Dodoma, na nyie mnaopuliza vepu, yaani sigara ya kielektroniki, jioni pale Nyerere Square, najua mnaona ni mvuke wa embe tu, haya toa hiyo chupa ya maji ya kujazia vepu tuisome wote.

Anza na namba. 3% maana yake kila mililita 1 ina miligramu 30 za nikotini, kwahiyo chupa ya mililita 30 ni miligramu 900 unatembea nazo mfukoni na funguo, wakati sigara moja inakuingizia kama 1 hadi 2 tu. Chupa isiyo na namba achana nayo hata bei usiulize.

Ukijaza vaa glavu. Mimi ilinivujia pajani ndani ya daladala ya Nkuhungu nikapuuzia, nikasema itakauka na hili jua letu, kufika mwisho wa gari moyo unadunda kama nimefukuzwa, jasho la baridi, mate yamejaa mdomoni na nikatapika palepale watu wakadhani nimelewa, kumbe nikotini inapenya ngozi inaingia kwenye damu. Vua nguo fasta, osha kwa sabuni na maji mengi, najua mgao lakini hiyo ndoo imalize tu. Mtoto akiinywa usimtapishe wala usimpe maziwa, kimbia naye hospitali na chupa yake.

Sasa ini. Ndilo linaloivunjavunja nikotini kuwa kotinini, na hiyo kotinini inachukua masaa kama 16 kupungua nusu tu, kwahiyo nyie mnaokunywa maziwa usiku mmoja kabla ya kupima damu mkidhani yatasafisha nikotini mnajichosha bure. Panya wa maabara waliopewa mvuke wenye nikotini huku wanakula mafuta mengi, maini yao yalijaa mafuta, na sisi huku ni chipsi, kitimoto, halafu waini ya zabibu juu yake jamani.

Ukitaka kujua ini lako likoje omba kipimo cha LFT, yaani cha kuangalia ini linavyofanya kazi, wataangalia ALT na AST kwenye damu, hivyo ni vimeng'enya vinavyopanda ini likiumia. Usimfiche daktari, mwambie vepu, pombe, panadol na ile mizizi ya mzee wa sokoni maana vyote vinapita kwenye ini hilohilo, na chupa nenda nayo aione, ila ifunge kwenye kopo.